Bibingka: keki ya mchele ya Ufilipino inayoiva kati ya moto mbili

Wamama wengi wanaotusikiliza wanatuambia kitu kimoja kila mara tunapozungumzia keki: "Sisi hatuna furu." Ni kweli. Nyumba nyingi hapa kwetu zina mbabula, sufuria mbili-tatu na gunia la makala, na umeme ukija leo hujui kama kesho utakuwapo. Kisha unga wa ngano bei yake inapanda bila kupiga hodi. Njo maana safari hii tunakwenda mbali kidogo, mpaka Ufilipino, nchi ya visiwa zaidi ya elfu saba katika bahari ya Pasifiki. Kule keki ya sikukuu haihitaji furu wala ngano. Inaitwa bibingka. Inapikwa kwa mchele, tui la nazi, mayai na sukari, ndani ya chombo cha udongo kilichotandikwa jani la mgomba, makala yakiwa chini na makala mengine yakiwa juu.

Mwenye mbabula anaweza kuipika nyumbani. Lakini akikosea moto, atapata kitu kilichoungua chini na kibichi juu. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilitoa mkaa wa duara. Kwa hiyo habari ya moto tutaipa nafasi kubwa kuliko habari ya sukari.

Alfajiri za Desemba

Kwa Wafilipino, bibingka ni chakula cha kipindi cha Noeli. Wengi wao ni Wakatoliki, na kuanzia tarehe 16 mpaka 24 Desemba wanafanya misa tisa mfululizo, kila moja mbele ya jua kutoka. Misa hizo zinaitwa Simbang Gabi, na jina lao la Kispanyola ni Misa de Gallo, yaani misa ya jogoo, juu zinaanza saa ambayo jogoo anawika. Wanasimulia kwamba saa hiyo iliwekwa juu ya wakulima, ili wasali kwanza kisha waende shambani.

Misa ikiisha, giza bado lipo na watu wana njaa. Inje ya kanisa wauzaji wamekwisha kupanga mbabula zao kwa mstari. Mnunuzi anasimama, anaona keki yake ikiiva, anaipokea ikiwa moto juu ya jani, pamoja na kikombe cha salabat, ambayo ni tangawizi iliyochemshwa na sukari. Hapo hapo pembeni kuna puto bumbong, mchele wa rangi ya zambarau uliopikwa kwa mvuke ndani ya vipande vya mwanzi. Siku hizi bibingka inauzwa mwaka mzima, hata katika maduka makubwa ya Manila, lakini Mfilipino aliye mbali na kwao akisikia harufu ya jani la mgomba linaloungua kidogo, mawazo yanakwenda kwa zile alfajiri.

Ni za ukoo mmoja, lakini si kitu kimoja

Tutofautishe majina mbele ya kuendelea, juu watu wanachanganya. Ufilipino una keki ndogo-ndogo za namna tatu ambazo mgeni anaweza kuziita kwa jina moja.

Kuna mamon, laini kama sponji, ya unga wa ngano na mayai mengi yaliyopigwa sana, inayookwa katika vikopo vidogo. Hiyo ilitokana na wakati wa Wahispania, waliotawala visiwa hivyo toka 1565 mpaka 1898, na kweli inataka furu. Tuiache hapo.

Kuna puto, ya mchele, inayopikwa kwa mvuke. Tutairudilia.

Kisha bibingka yenyewe, ya mchele, inayopikwa kwa moto mbili. Indonezia na Malezia wana keki zinazoitwa bingka, na kule Goa, katika India, kuna bebinca, ambayo nayo inapikwa kwa moto wa juu. Wenye kufuata habari za mwambao wa Afrika ya Mashariki watakumbuka pia mkate wa kumimina wa Zanzibar na Mombasa: mchele uliolowekwa, ukasagwa na tui la nazi, ukawekwa chachu na hiliki, kisha ukapikwa na makala juu ya kifuniko. Sisemi kwamba moja ilizaa nyingine. Lakini mama wa Zanzibar na mama wa Manila wakikutana jikoni, kila mmoja ataelewa kazi ya mwenzake bila mkalimani.

Galapong: kazi inaanza jana yake

Ukitaka bibingka kesho asubuhi, unaanza leo jioni. Mchele unaoshwa, unalowekwa katika maji usiku mzima, kisha unasagwa ungali na maji mpaka unakuwa ujiuji mweupe, laini, mzito. Ujiuji huo wanauita galapong. Zamani kila kijiji kilikuwa na jiwe la kusagia, mawe mawili ya duara, moja juu ya lingine, na mtu mmoja anazungusha mkono huku mwingine anatia mchele kijiko kwa kijiko. Leo wanatumia mashini, ama wananunua unga wa mchele wa paketi.

Kwa nini kuloweka? Punje ya mchele ni ngumu. Ukiisaga kavu na mashini ya kawaida, inavunjika kuwa chembe kama mchanga mdogo, na keki utakayopika itakuwa na mchanga huo katika meno. Ikilowekwa saa nane mpaka kumi na mbili, maji yanaingia mpaka katikati, punje inakuwa tete, na unaweza kuivunja kwa kucha mbili. Hicho njo kipimo: chukua punje moja, ibane. Ikivunjika kuwa unga, iko tayari. Ikiruka, irudishe.

Wapishi wa zamani wanapendelea mchele uliokaa, wa mavuno ya nyuma, kuliko mchele mpya. Mchele mpya unanata na unafanya keki nzito. Mchele uliokaa unakunywa maji mengi na kuvimba vizuri. Kwetu hapa watu wanapenda mchele mpya juu ya harufu yake, na kwa sahani ya wali wana haki. Kwa kazi hii, ule wa zamani unashinda.

Galapong ikiachwa usiku wa pili inaanza kutoa povu na harufu kidogo ya uchachu. Hapo njo ladha ya kweli inaingia. Wapishi wengine wanatia kijiko cha galapong ya jana ili kuharakisha. Katika visiwa vya katikati, na hasa muji wa Mandaue karibu na Cebu, wanatia tuba, pombe ya mnazi iliyogemwa. Pombe hiyo ina chachu hai ndani yake, nayo inainua keki bila kitu cha dukani. Lakini njia hiyo inataka uzoefu: ikizidi muda, keki inakuwa kali. Siku hizi wengi wanatumia levire ya poda, ile ya paketi ndogo ya kekini, si ile ya mkate, na wanapata keki siku ile ile.

Moto mbili

Keki ndani ya furu inazungukwa na joto pande zote. Juu ya mbabula, joto linatoka chini peke yake. Sehemu ya chini inaungua mbele ya juu kuiva, na ukifunika na kifuniko baridi, mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unarudi chini kama matone. Unapata keki yenye maji juu. Wafilipino walipata dawa ya shida hiyo: waliweka moto wa pili juu ya kifuniko. Makala ya juu yanapasha bati, bati linatuma joto chini, uso wa keki unakauka na kupata madoa ya kahawia.

Muuzaji wa kule ana mbabula ya udongo, chombo cha udongo cha kina kifupi juu yake, na bati bapa lenye ukingo ambalo linabeba makala. Anashika bati kwa koleo ama kwa waya, analiinua, anatazama, analirudisha. Mkono wake unajua. Mbele yake kuna vyombo vitano ama sita, na bati zinahama kutoka keki moja mpaka nyingine.

Sasa, makala kiasi gani? Watu wengi wanakosea hapa, juu wanafikiri chini njo kunataka moto zaidi. Ni kinyume. Joto linapanda lenyewe. La chini linafika kwa keki bila taabu, la juu linataka kukimbia angani. Kwa hiyo ukigawa makala yako katika sehemu tatu, sehemu moja ikae chini, mbili zikae juu. Na yale ya chini yawe yamekwisha kuwaka vizuri, yamevaa majivu meupe, yametandazwa, yasiwe rundo katikati. Makala meusi ambayo yangali yanashika moto yanatoa moshi, na keki inanywa ule moshi.

Ukiweka kiganja chako juu ya mbabula, urefu wa shubiri moja, unapaswa kuweza kuhesabu polepole mpaka tano ama sita mbele ya kukiondoa. Ukiondoa kwa mbili, moto ni mkali: punguza, ama tia majivu juu ya makala. Kwa moto kama huo keki ndogo ya upana wa sahani ya chai inaiva kwa dakika 15 mpaka 20. Kubwa inaweza kufika 30.

Jambo moja la kuogopa. Makala yanayowaka bila moshi yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu wa Goma wanajua mazuku, ile hewa inayotoka katika ardhi ya volkano na kulala mabondeni. Hii ya makala ni hewa ingine, haikai chini, inaenea nyumba nzima, lakini inaua vile vile: kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, usingizi unakuja, na haurudi. Hapa utakuwa na moto mbili, si moja. Pikia inje, ama chini ya kibanda kilicho wazi. Mvua ikinyesha, usiingize mbabula katika chumba na kufunga mlango. Na makala yaliyobaki usiyalaze ndani ili yapashe nyumba.

Jani la mgomba

Jani si pambo tu. Linazuia keki kushikana na chombo, linapunguza ukali wa moto wa chini, na linatoa harufu ambayo karatasi haitaweza kuitoa. Chukua jani changa kidogo lisilopasuka, lifute kwa kitambaa chenye maji pande zote mbili, kisha lipitishe juu ya makala, polepole, kama mtu anayepiga pasi. Utaona rangi inabadilika kutoka kijani kibichi mpaka kijani cheusi kinachong'aa. Hapo limekuwa laini, unaweza kulikunja bila kupasuka. Ukiruka hatua hii, jani litapasuka katika pembe na ujiuji utavuja chini. Kata duara kubwa kuliko chombo, lipande mpaka juu ya ukingo, na kama ni jembamba weka mawili, moja likipita juu ya lingine.

Ginsi ya kufanya nyumbani

Vipimo hivi vinatoa keki moja ya sufuria ya upana wa sentimita 25 hivi, ama ndogo-ndogo sita mpaka nane katika vikopo.

Mchele vikombe viwili, wa kawaida, si ule wa kunata. Tui zito la nazi kikombe kimoja na nusu. Ukipata nazi, ikune, tia maji ya vuguvugu, kamua. Usipoipata, ile ya kopo inafaa, juu hapa kwetu nazi haipatikani kila soko. Mayai matatu. Sukari robo tatu ya kikombe. Wenye kupenda utamu wanatia kikombe kizima. Margarini ama siagi iliyoyeyushwa, vijiko vitatu vya kula. Levire ya poda, vijiko vitatu vya chai, vya kukwanguliwa si vya mlima. Chumvi nusu kijiko cha chai.

Loweka mchele usiku. Asubuhi mwaga maji, acha uchuje robo saa, kisha usage pamoja na kikombe kimoja cha tui. Mwenye mashini ndogo ya kusagia matunda anaweza kuitumia, kidogo kidogo, na kurudilia mpaka asisikie chembe katikati ya vidole. Asiye nayo atwange mchele uliochujwa katika kinu, achekeche kwa chekecheke ya matundu madogo, arudishe yale mabaki katika kinu, kisha achanganye unga huo mbichi na tui. Mikono itachoka, lakini kazi inatoka vizuri. Mashini ya mtaani inayosaga muhogo na mahindi siipendekezi: inasaga kavu, na masalio ya mahindi ya mteja aliyekutangulia yanaingia katika keki yako.

Kama una unga wa mchele wa kununua, tumia vikombe viwili, tia tui lote, na uache utulie saa moja ili unga unywe.

Katika bakuli lingine piga mayai na sukari mpaka yabadilike rangi na kutoa povu. Tia margarini, tui lililobaki na chumvi. Mimina yote katika mchele uliosagwa, koroga. Ujiuji unatakiwa uanguke kutoka kijiko kama uji wa mtoto, si kama foufou, na si kama maji. Ukiwa mzito, ongeza tui ama maziwa kijiko kwa kijiko.

Sasa washa makala, tandika majani katika sufuria, weka kifuniko juu ya moto kipate joto. Mpaka hapo bado hujatia levire. Nasisitiza hilo juu mchele hauna ile nguvu ya kunyumbuka ambayo ngano inayo. Ngano inashika hewa kama mpira. Mchele hauwezi, na ni mayai peke yake yanayosaidia. Levire ikikutana na maji inaanza kutoa hewa papo hapo, na ukichelewa dakika ishirini ukitafuta koleo, hewa yote imekimbia. Moto ukiwa tayari, njo tia levire, koroga haraka, mimina mpaka nusu ya chombo ama kupita kidogo, funika, panga makala juu.

Usifungue katika dakika kumi za kwanza. Kisha inua kifuniko moja kwa moja kwenda juu, bila kukiinamisha, ama majivu yatakuwa sukari ya juu. Uso ukiwa umeshikana lakini ungali mweupe, hapo njo pa kutia vile vya juu ambavyo tutavieleza. Rudisha kifuniko, ongeza makala mawili-matatu mapya yaliyowaka, ngoja dakika tano. Choma katikati na kijiti kisafi: kikitoka kikavu, ondoa. Paka margarini ikiwa ingali moto, nyunyiza sukari kidogo.

Chini ikiungua wakati juu bado, siku ingine weka mawe madogo matatu ama mchanga mkavu katika sufuria kubwa, na chombo cha keki juu yake. Katikati ikizama baada ya kutoka, umefungua mapema ama levire ilizidi. Na ikizidi utasikia pia ulimi unakuwa kama umelamba sabuni. Kifuniko kiwe cha chuma tupu, bapa, bila mkono wa plastiki. Bati lililopakwa rangi, ama kopo lililokuwa na dawa za shamba, lisikaribie chakula hata kama umeliosha mara kumi.

Vya juu: chumvi juu ya utamu

Mtu wa kwetu akiona mara ya kwanza atashangaa, juu Mfilipino anaweka yai la chumvi na chizi juu ya keki tamu. Yai ni la bata, lililokaa katika maji ya chumvi kali kwa muda wa wiki tatu hivi, kisha likachemshwa. Sokoni ganda lake linapakwa rangi nyekundu ili lisichanganywe na mayai mabichi. Linakatwa vipande vyembamba, vitatu ama vinne kwa keki. Chizi yao ni nyeupe, laini, ya maziwa ya nyati wa kienyeji anayelima mashamba ya mpunga. Nazi iliyokunwa inakuja ya mwisho, wakati wa kula.

Ladha inapatana kuliko unavyofikiri: chumvi inaamsha utamu wa tui. Kivu hatukosi cha kuweka. Chizi ya Masisi ni ngumu kuliko ile yao, lakini ukiikwangua nyembamba inayeyuka vizuri chini ya moto wa juu na kupata rangi. Kwa upande wangu yai la chumvi naliacha, chizi siiachi.

Puto, kwa siku ambayo makala ni kidogo

Puto inataka moto mmoja na sufuria yenye maji. Ujiuji ni ule ule wa mchele, bila margarini, na wengi wanaipika bila mayai ili ibaki nyeupe. Unapaka mafuta vikombe vidogo, unajaza robo tatu, unavipanga juu ya kitu kinachoviinua kutoka majini, na maji yawe yanachemka mbele ya kuviweka. Kifuniko ukifunge katika kitambaa safi ili matone yasidondoke juu ya keki. Yakidondoka yanaacha mashimo yenye ute. Dakika 15 zinatosha kwa vikombe vidogo. Ukitaka kuweka kipande cha chizi juu, weka zikibaki dakika mbili.

Kila sehemu ina sifa yake. Biñan, kusini ya Manila, wanajulikana kwa puto kubwa yenye chizi na yai la chumvi. Calasiao, katika jimbo la Pangasinan, wanafanya ndogo za kutafuna mara moja, za mchele uliochachuka siku kadhaa katika mitungi ya udongo, na wasafiri wananunua kwa kilo. Na Wafilipino wanaila puto pamoja na dinuguan, mchuzi mweusi wa nyama ya nguruwe na damu yake, kama sisi tunavyokula bugali na mboga. Neno "keki" lisikudanganye kwamba ni chakula cha chai tu.

Ya muhogo, na tahadhari yake

Kuna bibingka ingine ambayo pengine itawafaa watu wa kwetu kuliko ya mchele: bibingkang kamoteng kahoy, bibingka ya muhogo. Jina la muhogo kwao, kamoteng kahoy, maana yake ni kiazi cha mti. Muhogo si wa kwao wala si wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Kule ulifika kwa meli za Wahispania zilizovuka Pasifiki kutoka Meksiko, kwetu uliingia kupitia Wareno upande wa bahari ya Atlantiki. Mmea mmoja ulizunguka dunia pande mbili na kuingia katika jikoni zetu zote.

Muhogo mbichi unamenywa, unaoshwa, unakunwa, unakamuliwa maji, unachanganywa na tui, mayai, sukari na maziwa mazito ya kopo, kisha unapikwa kwa moto mbili kama wa mchele, ila kwa muda mrefu zaidi, karibu saa nzima kwa sufuria. Hauhitaji levire. Unatoka mzito, wa kunata, wenye kung'aa.

Lakini hapa hatutanii. Kazi hiyo ni kwa muhogo mtamu peke yake, ule ambao unaweza kuchemshwa na kuliwa bila kuloweka. Muhogo mchungu una sumu ambayo haitoki kwa kukuna na kukamua mara moja. Unataka kulowekwa siku kadhaa na kukaushwa, kama wamama zetu wanavyojua. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na hauponi, unatokana na kula kila siku muhogo mchungu usioandaliwa vizuri wakati chakula kingine kimekosekana. Unapata hasa wanawake na watoto. Neno konzo lenyewe ni la Kiyaka, na mmoja wa wa kwanza kuandika juu ya ugonjwa huo alikuwa daktari Giovanni Trolli, mwaka 1938, kule Kwango, katika nchi hii hii. Vita na njaa zikifupisha siku za kuloweka, konzo inarudi. Kama hujui muhogo ulioununua ni wa namna gani, muulize aliyeulima. Akisitasita, pika ya mchele.

Ufilipino nao wana kumbukumbu yao. Mwezi wa Machi 2005, katika muji mdogo wa Mabini, kisiwa cha Bohol, watoto wa shule walinunua vitumbua vya muhogo vya kukaanga. Watoto 27 walikufa. Watu wote walifikiri ni sumu ya muhogo. Vipimo vya maabara vilionyesha kitu kingine: dawa ya kuua wadudu ya shambani, ya poda nyeupe, ilikuwa imeingia katika unga. Wengi wetu tunaweka unga, levire na dawa za shamba katika chumba kimoja, saa ingine katika mifuko inayofanana. Mwenye kupika keki za kuuza ana watoto wa watu wengine mikononi. Poda ya shamba isilale nyumba moja na unga, na poda isiyo na jina isiingie katika bakuli.

Ikibaki

Bibingka ni ya kula ikiwa moto. Ikipoa inakauka na kuwa ngumu, juu mchele uliopikwa unajikaza ukipoa, kama wali wa jana. Unaweza kuirudisha juu ya mbabula ndani ya jani lake, na matone mawili ya maji, ikapata uhai. Keki yenye tui isilale zaidi ya siku moja bila friji, juu tui linaharibika haraka katika joto; ya Bukavu itavumilia kidogo kuliko ya Uvira. Ukitaka kuuza, fanya kama wale wa inje ya kanisa: usipike nyingi na kusubiri mteja. Weka ujiuji tayari bila levire, moto tayari, majani yamekatwa, na tia levire kwa kila bakuli dogo mteja akikaribia. Na ukifuata njia ya kuchachusha, mbele ya kutia mayai na sukari toa vijiko viwili vya galapong, viweke katika kikombe kilichofunikwa. Njo chachu yako ya kesho.